Aliye Tayari ni wa Kwetu

Uchaguzi ukinukia tu, nchi hii hushikwa na homa ya kuwapima watu utayari. Hapimwi mgombea urais. Huyo keshazoeleka, kashindwa mara mbili tatu, hata akikohoa tunajua anakusudia nini. Anayewekwa kwenye mizani ni mgombea mwenza. Yuko tayari huyu? Rais akipatwa na la kumpata usiku wa leo, kesho asubuhi ataweza kuiendesha nchi? Na wanaouliza hivyo kwa uso mkavu ni watu ambao masika ya juzi yaliwakuta na paa linalovuja, ilhali masika huja kila mwaka na hayajawahi kubadilisha mwezi.

Barazani kwetu Mombasa, nyuma kidogo ya Mwembe Tayari, homa hii ndiyo makao yake makuu. Kahawa ipo, kashata zipo, na maneno hayalipiwi. Tangu nianze kukaa pale sijapata kuona kipimo cha utayari isipokuwa kimoja: aliye tayari ni wa kwetu. Wa kwao hajaiva. Akiwa na shahada tatu, ni msomi asiyejua bei ya unga. Akiwa hana, basi hakusoma. Akiwa amekaa serikalini miaka ishirini, ni sehemu ya uozo. Akiwa mgeni, katokea wapi huyu? Sasa mgeuze awe wa kwetu. Ugeni wake ni damu changa. Ukongwe wake ni uzoefu. Akinyamaza ana busara, akiropokwa ni mtu wa watu.

Nami sijitoi. Natangaza chama changu mapema msije mkanishika shati baadaye: chama changu ni Pwani. Si ODM, si UDA, wala hivi vinavyozaliwa kila baada ya futari. Pwani. Tangu Jaramogi Oginga Odinga awe Makamu wa Rais mwaka 1964, hadi Kithure Kindiki aliyeapishwa kuwa Naibu Rais tarehe 1 Novemba 2024, watu 13 wamekikalia kile kiti. Nyanza imepata. Kati imepata. Bonde la Ufa limepata mpaka likachoka, likaona bora urais wenyewe. Magharibi imetoa watatu, tena kwa mfululizo: Musalia Mudavadi, Kijana Wamalwa, Moody Awori. Sisi wa huku, ambao nchi nzima huja kwetu Desemba kula samaki na kuacha chupa ufuoni, hatujatoa hata mmoja. Watu wa Kaskazini Mashariki nao hawajapata, lakini hao watafute safu yao walalamikie humo.

Kipimo cha wa kwetu nilikiona kikifanya kazi vizuri kabisa mwaka 2008, tena kwa mambo ya ng'ambo. Baraza zima lilikuwa la Barack Obama. Kura Marekani hatukuwa nazo, lakini ukoo wa baba yake ulikuwa Kogelo, na hilo lilitutosha. Tarehe 29 Agosti, siku ambayo John McCain alikuwa anatimiza miaka 72, akamtangaza mgombea mwenza wake: Sarah Palin, gavana wa Alaska. Kufikia kikombe cha pili tulikuwa wataalamu wa Alaska. Mshona kanzu wetu, ambaye daraja la Mtwapa akilivuka ni kwa sababu ya msiba, alitufafanulia kwamba jimbo lenye theluji nyingi na watu wachache haliwezi kumfunza mtu uongozi. Ugavana wenyewe hajautimizia miaka miwili! Kabla ya hapo alikuwa meya wa Wasilla, mji ambao wakazi wake wote ungewavusha kwa feri ya Likoni ukamaliza kabla ya adhuhuri. Haiwezekani. McCain ni mzee, aliteswa vitani Vietnam, lolote laweza kutokea, halafu tuachiwe huyu? "Tuachiwe," alisema mshona kanzu, kana kwamba Washington ni mtaa wa pili.

Kisha yule mama akahojiwa na Katie Couric wa televisheni ya CBS, akaulizwa husoma magazeti gani, asitaje hata moja. Baraza lilicheka mpaka muuza kahawa akalishika dele kwa mikono miwili. Mimi nikatupa jicho pale tulipokaa. Gazeti lilikuwepo moja, la wiki iliyopita, na lilikuwa limefungiwa kashata.

Hakuna aliyekumbuka kwamba Obama naye, anayetaka kiti chenyewe na si cha pembeni, alikuwa hajamaliza miaka minne katika Seneti. Nilipolitaja hilo nikaulizwa kama nimelala vizuri. Obama alikuwa tayari tangu tumboni mwa mamake. Wa kwetu, bwana.

Basi mwaka 2022 homa ikaja nyumbani. Muungano wa Azimio ukaunda jopo, mwenyekiti wake Noah Wekesa, la kuwahoji waliotaka kuwa wagombea wenza wa Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu. Mahojiano! Miaka yote niliyoishi Kenya najua kwamba mahojiano ni ya kazi ndogo. Ukitaka kulinda geti utaulizwa ulisoma wapi, ulifanya kazi wapi, nani anakujua, na kwa nini uliacha kazi ya kwanza. Ukitaka kuongoza wizara, utaamka usikie jina lako redioni. Kwa hiyo namwelewa Kalonzo Musyoka alivyochukia. Mtu amekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2008 hadi 2013, leo unamwita aje aeleze kama ataiweza kazi hiyohiyo. Aliona ni kudhalilishwa. Mwishowe alikwenda, maana siasa ina uso wake na heshima ina wake.

Na wa kwetu akaenda pia. Hassan Joho, gavana wa Mombasa aliyekuwa akimaliza mihula miwili, aliingia mbele ya jopo. Hapo ndipo ungetuona. Watu ambao wiki moja nyuma walikuwa wakimlaumu kwa taka, maji na mashimo ya barabara, siku ile walimwona ameiva kama embe dodo la Januari. Mwalimu mstaafu, ambaye kwa kawaida huongea akitaka kusahihisha sarufi tu, alisimama kabisa kuthibitisha kwamba kuongoza mji wenye bandari ni sawa na kuongoza nchi, kwa sababu nchi yote hula kupitia hapa.

Wa bara walio barazani, maana baraza letu halina ubaguzi ila wa maneno, wakatuletea habari ya mtihani wake wa sekondari, ile D- ambayo mwenyewe aliwahi kuitaja hadharani. Wakidhani wametumaliza. Mimi nikawaletea Josephat Karanja.

Mnamkumbuka Karanja? Huyo alikuwa na shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Princeton. Alikuwa balozi wetu London miaka ya mwanzo ya uhuru. Akarudi, akawa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka karibu kumi. Ukitafuta katika orodha ile ya watu 13 mtu aliyeandaliwa kwa karatasi na kwa cheo, huyu ndiye. Machi 1988 akafanywa Makamu wa Rais, Mwai Kibaki akasukumwa Wizara ya Afya kumpisha. Tarehe 1 Mei mwaka uliofuata Karanja alikuwa amekwisha kujiuzulu, baada ya wabunge kupitisha kura ya kutokuwa na imani naye. Princeton ilidumu mwaka mmoja na ushee. Nikawauliza: kama Princeton imefika hapo, mnajuaje D- ingefika wapi?

Wakasema hiyo si hoja. Ilikuwa hoja nzuri tu, ila ilikuwa yangu.

Nikaongeza na George Saitoti, profesa wa hesabu, shahada yake ya uzamifu ya Warwick. Huyo alikaa umakamu toka 1989. Baada ya uchaguzi wa 1997 Daniel arap Moi akaunda serikali mpya na kiti cha makamu akakiacha wazi. Hakusema anarudishwa, hakusema harudishwi. Zaidi ya mwaka nchi ilikuwa haina makamu, na nakuhakikishia feri ya Likoni ilivuka, nazi ziliuzwa, watu walioana. Nilikuwa nikiamka asubuhi natafuta pengo liko wapi silioni. Aprili 1999 Moi akamrudisha Saitoti kwa tangazo alilolitoa kando ya barabara kule Limuru, mahali ambapo wengine husimama kununua viazi na kabichi. Mtu aliyebobea katika hisabati alisubiri siku zote hizo akipiga hesabu, jibu likaja kutolewa barabarani.

Na 2002 akafutwa. Novemba akaingia Mudavadi, Desemba 27 ukawa uchaguzi, Mudavadi akaupoteza umakamu na kiti chake cha ubunge cha Sabatia kwa mkupuo mmoja. Miaka ishirini baadaye akawa Mkuu wa Mawaziri. Mnaposema mtu hayuko tayari, huwa mnamaanisha saa ngapi?

Ila mzee mmoja pale barazani, aliyekuwa kibarua bandarini Kilindini enzi za magunia ya kubebwa begani, hupenda kutunyamazisha wote kwa habari ya Moi. Moi aliwekwa umakamu mwaka 1967. Karibu miaka 12 alitembea nyuma ya Jomo Kenyatta amebeba fimbo na subira. Wakubwa wa siku zile walimwona si chochote. Wingu linalopita, walisema. Mwaka 1976 kikundi chao kikaanza kampeni ya kubadilisha Katiba ili Rais akifa, makamu asipate kushika usukani hata kwa zile siku 90 zilizoandikwa. Yaani walikuwa wameshampima utayari, wakapata sifuri. Charles Njonjo, Mkuu wa Sheria, akawatolea onyo: kuwaza kifo cha Rais ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifo.

Hebu itafakari sheria hiyo ukiwa na kikombe mkononi. Swali lote la utayari wa makamu limesimama juu ya kuwaza kwamba Rais ameondoka. Ukiliuliza, umewaza. Ukiwaza, kamba. Mzee husema zile ndizo zilikuwa siku tulivu kuliko zote katika historia ya baraza. Watu walizungumzia mpira.

Tarehe 22 Agosti 1978 Kenyatta akafariki, tena hapahapa Mombasa, Ikulu ndogo yetu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mzee anasema alikuwa bandarini na saumu yake, kinywa kikavu, redio ya karani ikabadilika sauti, na makuli wakayaweka magunia chini bila kuambiwa. Hakuna aliyeuliza kama Moi yuko tayari. Waliuliza kama kesho kuna kazi. Moi mwenyewe alikuwa kwake Kabarak. Akaenda Nairobi akaapishwa siku ileile, na lile wingu linalopita likakaa juu ya vichwa vyetu miaka 24.

Mzee akifika hapo hunywa kahawa yake akatuangalia mmoja mmoja. Hana funzo lolote la kutoa, anapenda tu kuona tumenyamaza.

Turudi 2022. Tarehe 15 Mei William Ruto akamtangaza Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira, Nyeri. Kesho yake Raila akamtangaza Martha Karua, aliyekuwa mbunge wa Gichugu, Kirinyaga, na waziri wa sheria. Angalia ramani. Wakenya milioni 47 na ushee tulihesabiwa mwaka 2019, kutoka Kiunga hadi Lokichoggio, na hatimaye walio tayari wakapatikana wawili, katika kaunti mbili zinazopakana! Wangeweza kupigiana kelele juu ya ua. Lile jopo la Wekesa, yale mahojiano, yale maswali ya dira na uadilifu, yote yalikuwa chapati za juu. Chini ya sahani ilikuwa hesabu ya kura za Mlima Kenya, na hesabu hiyo haikuhitaji jopo, ilihitaji kikokotoo.

Sisemi Karua hakufaa. Aliingia Bungeni mwaka 1992, akajiuzulu uwaziri kwa hiari yake mwaka 2009, jambo ambalo katika nchi yetu ni la kupelekwa makumbusho. Sisemi pia Gachagua alikuwa mgeni wa serikali. Alikuwa afisa wa tarafa enzi za Moi, kisha msaidizi wa Uhuru Kenyatta. Ninalosema ni kwamba hata wangekuwa wamelala tu, mradi wamelala Nyeri na Kirinyaga, wangeamshwa. Na Joho wetu? Aliahidiwa Wizara ya Ardhi siku ileile. Baraza lilipokea kwa heshima, kama mgeni wa harusi aliyeambiwa pilau imeisha lakini maji yapo.

Mdahalo wa wagombea wenza ukafanyika Jumanne tarehe 19 Julai, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Sisi tuliutazama kwa kinyozi. Kiti kilikuwa kimoja, na aliyekikalia alikuwa kijana wa M-Pesa aliyekuja kunyoa kwa ajili ya posa ya dada yake. Wa kwanza kuingia jukwaani walikuwa Ruth Mutua wa Agano na Justina Wamae wa Roots, chama cha George Wajackoyah kilichotaka kuhalalisha bangi na kufuga nyoka ili kuuza sumu yao. Na nakwambia, wale wawili tuliwasikiliza. Kinyozi alizima mashine. Tulijua hakuna wa kwetu wala wa kwao pale, basi masikio yakafunguka. Mtu anasema jambo, unalipima, unasema hili sawa, hili hapana. Kwa dakika hizo chache pale kwa kinyozi palikuwa na wapiga kura.

Kisha wakaingia Karua na Gachagua, tukawa vipofu. Upande wa dirisha ulikuwa wa Azimio, upande wa kioo ulikuwa wa Kenya Kwanza ya Ruto. Karua akitamka neno moja, dirisha linashangilia, la pili halisikiki. Gachagua akifungua kinywa, kioo kinapiga makofi, dirisha linazomea. Kinyozi, ambaye ni wa Kenya Kwanza lakini mteja wake ni wa Azimio, alinyoa upande mmoja wa kichwa na kusimama. Hatamalizia, alisema, mpaka huyu akubali kwamba Gachagua amemjibu vizuri. Kijana akasema bora nusu kichwa kuliko nusu akili. Tukaona kiini cha siasa ya Kenya kimekaa kwenye kiti kinachozunguka, upande msitu, upande uwanja wa ndege.

Stima zikapotea. Giza totoro. Ningeapa kwamba sasa tutanyamaza, maana hakuna picha wala sauti. Loo! Ndiyo kwanza mdahalo ukanoga. Dirisha likatangaza kwamba Karua ameshinda kwa mbali. Kioo kikasema Gachagua amemgaragaza. Mmoja alinieleza, humo gizani, jibu la Gachagua kuhusu uchumi neno kwa neno, jibu ambalo hata kama lilitolewa, lilitolewa wakati runinga yetu imelala. Na stima ziliporudi, mdahalo ulikuwa umekwisha na hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tumeshauona.

Dereva wa matatu ya Likoni, ambaye hukaa kimya akila kashata, ndiye aliyenipa maneno ya maana usiku ule. Naibu ni spea, alisema. Siku ya kununua gari unauliza, spea iko? Ukiambiwa iko, basi. Hakuna anayeiteremsha kuipima upepo. Ataipima siku ya pancha, Mariakani, usiku, mvua inanyesha. Nilimwambia hiyo ni hoja nzito. Akasema si hoja, ndiyo yaliyomkuta wiki iliyopita.

Katiba yenyewe inajua mambo ya pancha. Inataka mgombea mwenza awe na sifa zilezile za kugombea urais, na inasema kiti cha Rais kikiwa wazi, Naibu anakimalizia muhula wote uliobaki. Si siku 90 tena. Sifa zinakaguliwa na tume ya uchaguzi: shahada, karatasi, saini. Lakini kazi ambayo Naibu ataifanya kila siku akishachaguliwa haina mtihani: kukaa karibu na kiti bila kukitazama. Ukikitazama, una tamaa. Usipokitazama, hauko tayari. Moi aliiweza kazi hiyo karibu miaka 12, na hakuna chuo kikuu kinachoifundisha, si Princeton wala Warwick.

Gachagua aliifanya miaka miwili na mwezi. Tarehe 4 Oktoba 2024 wananchi tukaitwa kutoa maoni kuhusu kumbandua, nami nikaenda, si kwa uzalendo bali kwa sababu ukumbi ulikuwa na feni. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa jamaa wa upande wa kioo, yuleyule aliyepiga makofi kwa kinyozi mpaka viganja vikawa vyekundu. Sasa alikuwa amekuja kusema mtu huyu hafai, hakufaa, na hata 2022 macho yake yalionyesha. Nyuma yangu alikuwa mtu wa dirisha, aliyezomea usiku ule. Alikuwa amekuja kumtetea. Nikasimama katikati yao na fomu yangu, nikahisi foleni imegeuzwa nami nimebaki nilivyo.

Tarehe 8 wabunge 281 wakapiga kura aondoke. Tarehe 17 Seneti ikamkuta na hatia katika mashtaka 5 kati ya 11. Niliyasoma yote 11 nikilitafuta lile la kutokuwa tayari. Halimo. Limo la kusema serikali ni kama kampuni yenye wanahisa, na kwamba waliowekeza zaidi ndio wavune zaidi. Wa bara walikasirika sana kwa neno hilo. Sisi Pwani hatukukasirika, tuliona kama mtu amesoma taarifa ya benki yetu kwa sauti. Na kesho yake, tarehe 18, Bunge likamwidhinisha Kindiki. Jina la Kindiki lilivuma sana Mei 2022, wakati ule hakuonekana ndiye. Mwaka 2024 akaonekana ndiye kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Mlango aliokosa kuingilia haukuwa wa utayari.

Nina shemeji Tanga, huja kila baada ya miezi kadhaa kunikopa na kunicheka. Kwao, anasema, mambo haya yameshamalizwa na Katiba: Rais akitoka Bara, makamu anatoka Zanzibar, na akitoka Zanzibar, makamu anatoka Bara. Ndivyo Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, alivyokuwa mgombea mwenza wa John Magufuli mwaka 2015, na ndivyo alivyoapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021 baada ya Magufuli kufariki. Nikamuuliza: 2015 mlimpima utayari? Shemeji akafikiri, maana ni mtu mkweli akiwa hajaanza kukopa. Akasema, "Sisi, shemeji, tulikuwa tunamtazama Magufuli akipiga pushapu."

Lakini ile kanuni yao nimeipenda. Nimeipeleka barazani kama hoja rasmi: Katiba ya Kenya irekebishwe, Rais akitoka bara, Naibu atoke Pwani. Na akitoka Pwani? wakauliza. Nikawaambia tusiende mbio, tuanze na hilo la kwanza. Mwalimu mstaafu akaunga mkono, akasahihisha sarufi yangu mahali pawili. Wa bara wakapinga kwa sauti moja, Azimio na Kenya Kwanza wakiwa bega kwa bega kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwajua. Mtu achaguliwe kwa uwezo wake, walisema, si kwa anakotoka. Walisema hivyo bila kucheka. Nyeri na Kirinyaga!

Sasa uchaguzi wa 2027 unabisha hodi na dereva wa matatu ameanza tena kuchora ramani kwa kidole kwenye vumbi la benchi: huyu akisimama atahitaji huku, yule akisimama atahitaji kule. Kidole chake huzunguka Mlima, kikaruka Magharibi, kikateremka Ukambani, na kinapofika Mariakani hugeuka kurudi, kana kwamba barabara imefungwa. Namwambia, endelea kidogo, kuna watu huku. Ananiambia nishukuru, tuna waziri.

Ni kweli, tunaye. Agosti 2024 Joho akaingia katika baraza la mawaziri la Ruto, Wizara ya Madini na Uchumi wa Baharini. Tulikunywa kahawa ya furaha, nikalipa mimi. Si unaibu, lakini madini ni madini, na mgodi mkubwa wa titani uko Kwale, hapo ng'ambo ya feri. Desemba mwaka uleule mgodi wa Kwale ukaacha kuchimba. Mchanga wenye mali ulikuwa umekwisha. Imebaki bahari. Baraza limepanga zamu ya kuitazama kila asubuhi, na kesho ni zamu yangu.